Mguu Ulipoa, Jicho Likalipa

Wiki hii mama mmoja kaniandikia kuhusu baba yake. Mzee ana jongo la miaka mingi, sasa macho yamekuwa mekundu na anaona ukungu. Jirani kawaambia jongo limepanda kichwani. Anauliza kama kuna dawa ya kulishusha.

Jongo halipandi, mwanangu. Lakini swali lako si la kuchekwa. Mimi ni mgonjwa wa jongo, nimepasuliwa macho yote mawili, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniambia kwamba mambo haya mawili yanajuana.

Langu lilianza usiku, kwenye dole gumba la mguu, kama desturi yake. Kidole kilikuwa chekundu, kimevimba, ngozi inang'aa. Nililala mguu ukiwa nje ya shuka kwa sababu hata uzito wa shuka sikuuweza. Ndugu wakacheka, eti ugonjwa wa wakubwa, punguza nyama na pombe. (Pombe yenyewe situmii.) Daktari akaniandikia prednisoloni na kabla sijaimaliza nikawa natembea. Aisee, dawa ile niliipenda! Jongo liliporudi nikapewa hiyo hiyo, na liliporudi tena, hiyo hiyo. Kadiri miaka ilivyosonga ikawa nikifika tu, kabla sijaketi, cheti kimeshaandikwa. Hakuna aliyeniuliza habari za macho. Hakuna aliyenianzishia dawa ya kushusha asidi ya yuriki, ambayo ndiyo mzizi wa jongo lenyewe. Nasema haya kwa uchungu, na uchungu huo haujaisha.

Kisha macho. Ndani ya nyumba, kwenye mwanga hafifu, nilikuwa naona vizuri tu. Nikitoka juani kila kitu kinageuka cheupe. Kusoma chini ya taa kali kukawa kugumu kuliko kusoma kwenye kivuli, na usiku taa za magari zilinitawanyikia machoni hadi nikaacha kuendesha. Muuza miwani alinibadilishia lenzi, akanibadilishia tena, na kila mara alinihakikishia kwamba ni umri.

Aliyelifumbua fumbo ni daktari wa macho, binti mdogo kabisa. Nikaweka kidevu kwenye mashine, akapitisha ule mstari wa mwanga jichoni, akanyamaza. "Mzee, umewahi kutumia steroidi kwa muda mrefu?" Nikamwambia hata jina hilo silijui. Akaniomba nimwage mezani dawa zote nilizobeba, akachomoa pakiti ya prednisoloni. "Hii hapa."

Akanieleza kwamba mtoto wa jicho wa uzee kwa kawaida huanzia katikati ya lenzi au pembeni. Anayeletwa na steroidi hujijenga nyuma ya lenzi, pale pale mwanga unapopita, kama pumzi iliyoganda kwenye kioo. Ndiyo maana juani, mboni inaposinyaa, huoni kitu. Akapima na presha ya macho, ikawa juu. Kwa baadhi ya watu steroidi huipandisha kimya kimya bila maumivu yoyote. Ukungu wa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, lakini mshipa wa fahamu wa jicho ulioharibiwa na presha haurudi.

Kuna jambo moja sitalisahau. Alianza kuniandikia tembe za asetazolamaidi za kushusha ile presha, kisha akasita, akazikata kwa kalamu na kuandika matone. Asetazolamaidi hupandisha asidi ya yuriki. Angenitibu jicho akaniamshia kidole! Huyo ndiye mtu aliyekuwa anamtazama mgonjwa mzima.

Sasa jongo lenyewe bila dawa. Asidi ya yuriki ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, inaweza kuanza kuganda kuwa fuwele. Fuwele hizo hupenda vidole, magoti, viwiko, hata masikio. Kwenye kope au juu ya jicho zimewahi kuonekana, ila ni nadra mno. Mara nyingi jicho la mgonjwa wa jongo huumizwa na wenzake jongo, yaani presha ya damu, kisukari na figo. Hao huja pamoja, na wote hula vishipa vidogo vya damu, pamoja na vile vya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Watafiti wa Marekani waliopekua kumbukumbu za bima ya wazee ya Medicare waliona pia kwamba wenye jongo walipata zaidi ule ugonjwa wa uzee unaofifisha katikati ya uoni. Hilo halithibitishi kwamba jongo ndilo lililousababisha. Kwangu linatosha kunipeleka kupimwa.

Leo natumia alopurinoli, ile dawa ya kushusha asidi ya yuriki, asidi yangu iko chini ya 6, lenzi mpya zimekaa sawa, na vibao vya barabarani nasoma kabla ya wanangu. Acheni nijisifu kidogo.

Sasa nisikilizeni, wazee wenzangu. Kila tembe unayomeza, ijue kwa jina lake. Prednisoloni kwa siku chache wakati wa shambulio si dhambi, na kwa mwenye figo dhaifu mara nyingi ni salama kuliko dawa nyingine za maumivu. Ubaya ni kuirudia mwaka hadi mwaka bila kuyaangalia macho. Ukiwa umeitumia muda mrefu, usiikate ghafla. Mwili huwa umezoea, na daktari ndiye wa kuipunguza. Dai dawa ya kushusha asidi. Ukianza alopurinoli kisha ukatokwa na vipele huku macho yakiwa mekundu au mdomo una vidonda, iache na ukimbilie hospitali saa hiyo hiyo, maana kwa wachache dawa hiyo huleta mzio unaoua. Na dawa zote, ndugu zangu, zijueni kwa majina! Nimeshasema, narudia.

Baba yako, mwanangu, jicho jekundu lenye ukungu halingoji kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke leo, na ubebe pakiti zote za dawa zake. Kisha kila mwaka apimwe presha ya macho, na retina itazamwe kwa kupanuliwa mboni. Siku ya kupanuliwa mboni asiendeshe gari. Kwa saa kadhaa mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu hatayaona, kwa hiyo awe na mtu wa kumrudisha nyumbani.