Oda za malori zikishuka, angalia yadi na kaunta ya spea kwanza

Mkuu, umeuliza kama kampuni inayotengeneza mabasi, malori na injini imefika mwisho, kwa kuwa oda zake za malori zimeshuka robo mbili za mwaka mfululizo na kila mtu sasa anazungumzia magari ya umeme. Nimeuza malori mapya kwa miaka kumi na moja, kisha nikahamia upande wa spea na huduma, na nipo huko mpaka leo. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Oda pekee zitakudanganya, zikiwa juu na zikiwa chini. Robo ya tatu ya mwaka 2008, Volvo ilitangaza oda 115 za malori mazito kwa Ulaya nzima, wakati robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia zilikuwa 41,970. Haina maana kwamba walioingia dukani walikuwa watu 115. Wateja walikuwepo, ila oda mpya zilikuwa zinamezwa na zile zilizofutwa, na hesabu inayotangazwa ni ile inayobaki baada ya kutoa.

Kipindi hicho mimi nilikuwa mezani nauza. Miezi michache nyuma tulikuwa tunamwambia mteja asubiri lori karibu mwaka mzima, naye kwa kuogopa kukosa anaagiza kumi wakati anahitaji sita. Mikopo ilipobana na mizigo ikapungua, simu zote zikawa za aina moja: "Zile za mwezi ujao zifute." Yadi ikajaa. Kila Jumatatu nilikuwa nazunguka na fundi, tunaamsha injini moja baada ya nyingine betri zisife, kisha tunasogeza kila gari kidogo ili tairi zisikae upande mmoja. Ndipo nilipoelewa kwamba foleni ndefu ya oda, nusu yake ni hofu.

Lakini hasara kubwa haikutoka kwenye malori mapya. Ilitoka kwenye yaliyotumika, na hili wengi hawaliangalii kabisa. Wakati soko limechangamka, muuzaji anamwahidi mteja: chukua lori hili, baada ya miaka mitatu nitalinunua tena kwa bei hii. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi iliandika ahadi hizo nyingi, kwa bei za wakati wa neema. Malori yakarudi wakati hakuna anayeyataka. Tulikuwa tunapokea vichwa vya trela vizima kabisa, injini haina hata jasho la oili, na bado kila kimoja kinaingia vitabuni kwa hasara. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya mtengenezaji, soma anasema nini kuhusu magari yaliyotumika. Bei za mitumba zikianza kulegea, punguzo kwenye mapya halichelewi.

Upande wa pili ni kaunta ya spea. Mwaka ambao hakuna anayenunua lori jipya, la zamani linaendelea kufanya kazi, na lazima litengenezwe. Miaka ile mibaya nilishangaa kuona watu wamepanga foleni wakitaka klachi, ringi za pistoni, pampu za maji na vichwa vya silinda. Mwenye magari aliyekuwa akibadilisha lori kila baada ya miaka minne, sasa alikuwa anafungua injini na kulisukuma mpaka mwaka wa saba. Kampuni yenye malori mengi barabarani na mtandao mzuri wa gereji inapitia ukame huo bado inapumua. Ile iliyotegemea kuuza magari mapya tu ndiyo inayoumia.

Kuna pia kushuka ambako chanzo chake ni kalenda ya sheria. Sheria mpya ya moshi ikikaribia, watu wananunua mapema kukwepa injini mpya yenye bei kubwa na mfumo wasioujua, kisha soko linalala. Marekani ilitokea hivyo: mwaka 2006 malori yaligombaniwa, 2007 soko likaporomoka. China nayo iliuza malori mazito kama milioni 1.6 mwaka 2020, kanuni mpya zikaanza Julai 2021, na mwaka 2022 hayakufika laki saba. Kanuni hazikuwa sababu pekee, lakini ukilinganisha mwaka wa kabla ya sheria na wa baada yake bila kujua hilo, utaona kifo pale ambapo watu wamenunua mapema tu.

Mabasi yana mwendo wake. Ya mjini hununuliwa kwa tenda, njia inajulikana, na usiku gari linarudi bohari, kwa hiyo umeme uliingia huko kwanza. Shenzhen ilimaliza kubadilisha mabasi yake yote, kama 16,000, mwaka 2017. Umoja wa Ulaya unataka asilimia 90 ya mabasi mapya ya mjini yasitoe moshi ifikapo 2030, na yote ifikapo 2035. Hapo sioni dizeli ikirudi. Mabasi ya safari ndefu ni habari nyingine, na hata malori ya masafa: gari lisilolala sehemu moja linahitaji chaja kubwa njia nzima.

Injini za kuuzwa peke yake, za boti, jenereta na mitambo ya ujenzi, ni sehemu ndogo ya mauzo, lakini mara nyingi hazifuati mzunguko wa malori. Siku hizi vituo vya data vinahitaji jenereta za akiba, na waliomo kwenye biashara hiyo wana kazi.

Kuhusu dizeli yenyewe, tazama walivyofanya Traton, kundi linalomiliki Scania, MAN na International. Injini moja ya msingi ya lita 13, iliyotoka na Scania mwaka 2021, sasa iko pia kwa International na MAN. Anayeamini dizeli inakufa kesho hajengi injini mpya, na anayeamini itadumu milele hahangaiki kugawana gharama zake na ndugu zake. Sheria ya Ulaya inadai malori mapya yapunguze hewa ya ukaa kwa asilimia 45 ifikapo 2030 na 90 ifikapo 2040, ukilinganisha na 2019. Ninayemhofia mimi ni mtengenezaji asiye na pesa ya kulipia teknolojia zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ripoti yao ikitoka, gawanya oda kwa magari waliyokabidhi. Ukipata chini ya moja kwa robo kadhaa, wanakula akiba ya oda za nyuma. Kisha tafuta mapato ya huduma na spea yamekwenda wapi, na kama wametaja hasara kwenye magari yaliyotumika. Ukizipata namba hizo ziweke hapa, tuzisome pamoja.