Mpikie Paka Samaki Wake

Juzi msomaji mmoja wa Lindi ameniandikia kuhusu paka wake. Anakula dagaa wabichi kila siku tena kwa hamu, lakini sasa anayumba akitembea na kichwa anakiinamishia kifuani. Majirani wamemwambia paka karogwa. Nimemjibu usiku uleule, maana dalili hizo nazijua na zilinitoa machozi.

Kipusa wangu alizaliwa kwenye gofu moja pale Mikindani. Mama yake alipotea, nikamlea mwenyewe tangu macho hayajafumbuka sawasawa. Sisi watu wa pwani tunajua paka na samaki hawatengani, lakini kwangu samaki wa paka alipikwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo bibi yangu alivyofanya. Nilichekwa sana. Mwanamke mzima anamwinjikia paka sufuria! Niliwaacha wacheke.

Kisha nikapata msiba Newala, nikakaa huko mpaka arobaini ikapita. Kipusa nilimwacha kwa wifi yangu mjini Mtwara. Nampenda wifi yangu, na paka wangu hakumnyima kitu. Kila asubuhi alikuwa akitoka Feri na fungu la dagaa, anamwagia sahani nzima wakiwa wabichi. Nilipompigia simu kumkumbusha kupika, alinijibu: "Wifi, paka wa kupikiwa nimemwona kwako tu."

Niliporudi, Kipusa hakunikimbilia. Mboni zake zilikuwa zimetanuka mchana kweupe, shingo imelegea kuelekea chini, na baraza aliyokuwa akiiruka kwa mguu mmoja sasa ilimshinda. Nilimfunga kwenye kanga nikampeleka kwa mtaalamu wa mifugo. Yule bwana hakumgusa hata kidogo. Aliniambia, "Mama, paka wamejaa mtaani, chukua mwingine." Maneno yale bado yananichoma. Kiumbe ulichokilea hakibadilishwi kama ndala.

Wa pili alikuwa mzee mtulivu, akaniuliza swali moja tu: anakula nini? Nilipomweleza, alimdunga sindano ya vitamini B1. Kesho yake Kipusa aliinua kichwa, na keshokutwa alikuwa ananililia chakula mlangoni. Leo ananenepa, anazeeka, na waliocheka wanakuja kuniuliza.

Nilichojifunza kwa yule mzee, na baadaye kwa kusoma, ni hiki. Baadhi ya samaki, hasa dagaa na wenzao wa jamii ya sadini, wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi. Hicho huvunja vitamini B1, na paka anaihitaji vitamini hiyo kwa wingi kuliko mbwa. Dagaa wabichi wa siku moja hawamwangushi, lakini wakiwa ndio chakula chake kila siku, akiba mwilini inakwisha, ubongo na neva vinaathirika, na mwisho ni degedege na kifo. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Ndugu zangu, ni maji na moto tu!

Na tuache kusema paka kaumbiwa samaki. Paka wa nyumbani anatokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu anayewinda panya na ndege. Samaki anampenda, lakini akila huyo tu, hasa mwenye mafuta mengi, anaweza kukosa vitamini E na mafuta ya mwilini yakavimba kwa maumivu makali. Kwa hiyo samaki awe mara chache kwa wiki. Ugali mtupu nao si suluhisho. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka akikosa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, moyo wake unatanuka na kudhoofu.

Kwangu napika hivi: nanunua changu au tasi wadogo, nawapara, natoa matumbo, nachemsha kwa maji matupu. Chukuchuku ya kwenu yenye chumvi, ndimu na kitunguu kuleni wenyewe. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Samaki akipoa nachambua kwa vidole mpaka nisiguse mwiba hata mmoja, kwa sababu mwiba ukikwama kooni utamtafuta daktari usiku. Supu yake namchanganyia humo humo, maana sehemu ya taurini inakimbilia kwenye maji.

Ng'onda usimpe, chumvi ni nyingi mno. Papa, nguru na jodari wakubwa hukusanya zebaki mwilini, kwa hiyo wasiwe chakula chake cha kawaida. Vibua na jodari waliopigwa na jua sokoni waache kabisa, kwani hujenga sumu iitwayo histamini, na hiyo hata ukichemsha vipi haiondoki. Bunju wanaotupwa ufukweni nao ni hatari, sumu yao haipungui kwa moto. Mkiishi karibu na diko, fungieni paka wakati nyavu zinapochambuliwa.

Mnaosema huku ni kumdekeza mnyama, niwaulize: mbona panya wakijaa kwenye gunia la korosho mnamkumbuka? Anayelinda ghala lako ana haki ya chakula kisichomuua. Mlishe kama unavyomhitaji. Sufuria moja ndogo haikupunguzii kitu, na Mungu anaona tunavyowatendea wasio na midomo ya kusema.

Kusi likivuma na samaki kuadimika, mimi naenda kwa muuza kuku kuchukua mioyo na firigisi. Mioyo ya kuku ina taurini nyingi. Naichemsha kidogo, naikata vipande, namwagia na supu yake. Maini nampa kipande kidogo tu siku mojamoja, kwa sababu vitamini A ikizidi inamharibu mifupa. Maziwa simpi, paka wengi wakubwa huendesha wakinywa. Kando ya sahani naweka bakuli la maji safi, nayabadilisha asubuhi na jioni.