Kabla hujamshonea mtu mfuko, muulize anabeba nini

Mfuko wa kwanza niliomshonea mama mdogo ulikatika gatini Nansio, kisiwani Ukerewe, siku ileile aliyoshuka nao kwenye meli kutoka Mwanza. Ndani mlikuwa na sukari kilo tatu, dumu la mafuta ya kula, miche ya sabuni na viatu vya mjukuu. Mkanda mmoja uling'oka na kipande cha kitambaa, dumu likabingirika, vijana wa mizigo wakapata cha kuchekea. Mama mdogo hakunilaumu. Alipiga simu jioni akasema, "Mwanangu, mfuko wako mzuri sana, nimeutundika ukutani." Heri angenitukana.

Mimi si fundi wa barazani. Nina cherehani ya Singer ya kukanyaga niliyorithi kwa bibi, na mifuko hii naishona jioni kwa ajili ya ndugu na marafiki. Lakini nimeshona ya kutosha kujua kosa langu lilikuwa wapi: nilichagua kitenge kwa macho, nikaacha kufikiria mzigo. Mama mdogo yuko nusu Nansio, nusu Mwanza, soko la samaki la Kirumba Mwaloni, kwenye dagaa. Mtu wa namna hiyo humshonei mfuko wa kubebea Biblia.

Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki, Juni 1, 2019, kila nyumba ina lundo la mifuko mbadala ile myepesi, na karibu yote imekatika mahali pamoja, pale mkanda unapokutana na mdomo wa mfuko. Angalia ya kwako. Mwili bado mzima, mkanda umeondoka. Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu zawadi ya kudumu, pale ndipo pa kutolea jasho.

Kitambaa kwanza. Kitenge peke yake hapana, hata kiwe kizito vipi. Mimi hutumia amerikani nene, ile pamba isiyotiwa rangi, au mabaki ya kitambaa cha makochi kutoka kwa mafundi wa fanicha, au jinzi za mtumba za soko la Mlango Mmoja, Mwanza. Kwenye jinzi, tafuta za kiume, kubwa, zile za zamani zisizovutika. Zinazovutika zitakupa mfuko unaoning'inia kama tumbo la mbuzi aliyeshiba. Mguu mmoja hautoshi upana, itabidi uunganishe vipande. Chochote utakachochagua, kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, maana pamba hurudi, na ni bora irudie kwako kuliko irudie kwa mwenye zawadi.

Kata kipande kimoja tu, upana sentimita 55, urefu 92. Usikate viwili ukaviunganisha chini. Kitako kikiwa kitambaa kisicho na mshono, hakuna cha kufumuka. Vipimo hivyo vinakupa mfuko wa upana wa 40, kimo cha 36 na kitako cha 12, unaomeza sato wawili wakubwa waliofungwa vizuri na bado mboga zikapata pa kukaa.

Sasa mikanda, na hapa naomba usiwe na haraka. Watu wengi hukata mikanda miwili mifupi na kuishonea mdomoni, kama nilivyofanya mimi, na mzigo wote unaning'inia kwenye mishono ya vidole viwili. Badala yake tafuta mkanda wa pamba unaouzwa kwa meta, karibu meta tatu, uwe mmoja unaozunguka mfuko mzima. Unapanda upande wa mbele, unaacha kitanzi cha sentimita 60 cha kushikia, unashuka, unapita chini ya kitako, unapanda nyuma, kitanzi kingine, unashuka tena hadi ulikoanzia. Miisho ikutane kitakoni, ilaliane sentimita tano. Hapo mzigo unakalia mkanda, kitambaa kinakuwa cha kuzuia vitu visimwagike tu. Ushone kitambaa kikiwa bado kimelala bapa, kabla ya kushona mbavu za mfuko, na uishie sentimita tano chini ya ukingo ili upate nafasi ya kukunja pindo.

Ukitaka kutengeneza mkanda mwenyewe, kata utepe wa upana wa sentimita 10 uukunje uwe tabaka nne. Amerikani inakubali. Jinzi ikiwa tabaka nne cherehani ya nyumbani inagoma, nami nilishavunja sindano tatu usiku mmoja kwa ubishi.

Mbavu ni kazi ndogo: kunja kitambaa katikati, nje ikiwa ndani, shona pande mbili, rudia mara ya pili. Kwenye kila pembe ya chini, vuta mshono wa ubavu ulale juu ya mstari wa kitako, pima sentimita sita kutoka nchani, piga mstari wa kukatiza, shona juu yake. Umepata kitako.

Bitana, kile kitambaa cha ndani, ndiyo sehemu ninayoipenda. Hapo khanga ina kazi yake, kwa sababu haibebi uzito. Ile yenye "Nani kama Mama" nilikata hivi kwamba maneno yakae ndani, usawa wa macho ya anayefungua. Sokoni hayaonekani. Anayeyasoma ni yeye, akitafuta chenji. Ifue peke yake hadi maji yatoke meupe, ishone kama mfuko wa pili, uichomeke ndani, ukunje pindo la mdomo juu yake, sentimita moja kisha tatu. Halafu ndipo unarudi kwenye mikanda: pale inapovuka pindo, shona mraba wenye alama ya X katikati, mara mbili.

Sindano namba 16, au 18 kwa jinzi. Uzi wa polista, si wa pamba, maana maji ya samaki huozesha. Mshono uwe mrefu kidogo kuliko wa gauni. Na ukifika kwenye mikunjo minene, fanya kama alivyonifundisha babu mmoja fundi pale Makoroboi, Mwanza: funika kwa kitambaa, gonga kwa nyundo hadi ilainike, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Nilidhani ananitania.

Mfuko wa pili niliupeleka Nansio mwenyewe. Sikuupeleka mtupu, kwetu chombo hakipelekwi kitupu, niliweka majani ya chai na sukari. Mama mdogo aliuvuta mikanda kwa mikono miwili kama anayejaribu kamba ya ng'ombe, akanyamaza.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa. Ule wa kitenge bado uko ukutani, mkanda unaning'inia, kuna picha ya harusi pembeni yake. Nikatafuta wa pili nisiuone, nikauliza.

"Ule?" akasema. "Jirani kauchukua tangu asubuhi, kaenda nao mashineni. Na michembe yangu, viazi vitamu vyote hivi nilivyokausha, sijui nitaitia wapi. Ungenishonea mwingine."

Safari hii nilimuuliza michembe ni kilo ngapi.