Watoto wa miaka 4 na 6 kwenye upandaji miti wa mtaa, Mbeya

Mmeuliza kama watoto hawa wanaweza kushiriki kupanda miti. Inawezekana, ila si Novemba mwanzoni kama wengi wanavyoshauri. Subirini mvua ilowanishe ardhi hadi sentimita 30 hivi, yaani kwa kawaida Desemba hadi katikati ya Januari. Mche uliochelewa hadi Machi unaingia kiangazi mizizi ikiwa bado juu juu, na baridi ya Juni na Julai inaumalizia.

Mashimo (sentimita 45 kwa 45) wachimbe wakubwa siku moja kabla. Jembe na mtoto wa miaka 4 havikai shimo moja. Yeye ashike mche usimame wima, mwenzake wa 6 arudishe udongo wa juu kwa mikono na kuumwagia mche maji kwa kopo.

Miche mingi inakufa kwa sababu ya kiriba, yaani mfuko wa nailoni uliooteshewa mche, kuachwa shimoni. Mtu mzima akate kitako chake kwa wembe, kiasi cha sentimita moja, aondoe mizizi iliyojizungusha, kisha achane ubavu na kutoa nailoni yote. Mpeni mtoto kazi ya kukusanya viriba na kuvihesabu: miche 20, viriba 20. Kikipungua kimoja, kimefukiwa.

Anzeni saa 1 asubuhi, kufikia saa 3 watoto wawe nyumbani. Wakishachoka wanakanyaga miche. Karibu na chemchemi pandeni mivengi (miti ya asili, jamii ya mzambarau) au mizambarau, siyo mikaratusi, hata mkipewa bure.