Mshipa ulipochochewa, nini kilipunguza mwendo?

Swali: Mwalimu, salaam. Nafundisha baiolojia sekondari, na nawaandalia wanafunzi maelezo ya Kiswahili kuhusu jaribio la mwanasayansi Otto Loewi la mioyo ya vyura. Nimeandika: "Mshipa ulipochochewa, moyo ulisinyaa, ukapunguza mapigo, ulipotiwa dawa, ukaendelea kama kawaida." Mwenzangu wa Kiswahili ameipigia sentensi nzima mstari mwekundu, anasema haijulikani kipi kilifanywa nini. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwenzako ameona sawasawa, ingawa si kila neno lilistahili wino wake. Nianze na ngeli, maana ndiko tatizo kubwa liliko.

Mshipa na moyo ni wa ngeli moja. Mshipa umekatika, moyo umesimama. Vyote viwili vinadai u-. Sasa tazama "ukapunguza mapigo" na "ulipotiwa dawa". Kilichotiwa dawa ni mshipa au moyo? Anayelijua jaribio atakisia, lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu hana cha kukisia nacho. Na katika jaribio hili tofauti ya mshipa na moyo ndiyo habari yenyewe: unagusa hiki, kinabadilika kile. Sentensi ikivichanganya, jaribio limepotea.

Kwa hiyo hapa, kwa mshipa wa fahamu, nachagua neno neva. Sababu si kwamba neno hilo limetoka ng'ambo likaonekana la kisomi. Sababu ni kwamba neva ni ya ngeli ya I-ZI: neva hii, neva hizi. Andika "neva ilipochochewa, moyo ukapunguza mwendo, ulipotiwa atropini, ukarudia mwendo wake" (atropini ndiyo ile dawa yako), uone jinsi kila kiambishi kinavyomjua mwenyewe. Hakuna u- inayohangaika kutafuta baba.

Mshipa una shida nyingine pia: umebeba mizigo mingi. Nenda buchani usikilize mteja akisema, "Usinipe hiyo, ina mishipa mitupu." Analalamikia kano, yale manyuzi meupe yasiyotafunika. Muuguzi akisema "nautafuta mshipa", ana sindano mkononi na anatafuta mshipa wa damu. Mzee akisema anaumwa mshipa, huenda anazungumzia ngiri. Neno likiwa na kazi zote hizo, na somo lenyewe likihusu moyo, msomaji atafikiria damu kwanza. Sikuambii ulitupe neno mshipa wa fahamu, maana wagonjwa wanalielewa na linaeleza vizuri. Litaje mara moja mwanzoni, "neva, yaani mshipa wa fahamu", kisha uendelee na neva hadi mwisho.

Kuhusu kuchochea, naona mwenzako amekuonea. Kuchochea ni neno la jikoni. Unasogeza kuni, unaukoroga moto uliopo, unawaka zaidi. Ndiyo maana mtu hushangaa akisoma kwamba neva ilichochewa na moyo ukaenda polepole, kwa kuwa anatarajia kinachochochewa kiongezeke. Kweli kimeongezeka, ila kilichoongezeka ni kazi ya neva. Na kazi ya neva hii, inayoitwa vagasi, ni kuutuliza moyo. Ndugu wawili wa Kijerumani, Ernst na Eduard Weber, walilionyesha jambo hilo mwaka 1845: waliichochea vagasi kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo, hata ukasimama. Basi "kuchochea vagasi" ni Kiswahili safi. Usichoweza kusema ni kwamba vagasi "inachochea moyo". Hapo sema inautuliza au inaupunguza mwendo. Kuchochea moyo ni kazi ya neva za upande wa pili, zile zinazouongezea moyo kasi na nguvu.

Neno lililonikera zaidi ni kusinyaa. Najua limo katika vitabu vingi vya shule, "misuli husinyaa na kutanuka", na sitamkosoa mwanafunzi anayelitumia kwenye mtihani. Lakini lisikilize. Jani lililokosa maji husinyaa, na shavu la mgonjwa husinyaa. Liko pamoja na chakaa, duwaa na pumbaa, maneno ya hali inayomkuta mtu au kitu bila yeye kufanya lolote. Moyo haukutwi na jambo, unafanya kazi.

Nilikuwa mtoto nilipouona moyo wa kambale ubaoni, mama alipokwisha kumtumbua. Ulikuwa mdogo kama punje ya hindi, umetengwa na kila kitu, na bado ulikuwa unadunda. Ulijikaza ukawa mgumu, ukalegea, ukajikaza tena. Hakuna mtu aliyesimama pale jikoni angesema unasinyaa. Kukaza na kulegea ni jozi tuliyo nayo tangu zamani: kaza kamba, legeza kamba, mguu umekaza usiku, umelegea asubuhi. Andika basi "misuli ya moyo hujikaza na kulegea". Usiache neno misuli, maana "kujikaza moyo" peke yake ni kuvumilia msiba. (Na huku pwani mwanafunzi akisikia msuli kwa umoja anaweza kufikiria vazi la baba yake la nyumbani. Wingi unasaidia.)

"Ukapunguza mapigo" nayo inataka kunyooshwa. Je, mapigo yalipungua idadi, au yalipungua nguvu? Hivyo ni vipimo viwili. Moyo unaweza kupiga mara chache kwa nguvu, au mara nyingi kwa unyonge. Vagasi ya chura huathiri vyote viwili, kwa hiyo vitaje vyote: "mapigo yakawa machache, na kila pigo likawa hafifu."

Mwisho ni dawa. Neno letu hili ni pana ajabu: dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya ambayo kazi yake ni kuua. Katika jaribio la Loewi kuna vitu vya aina mbili, usiviite jina moja. Kile kilichotoka katika moyo wenyewe vagasi ilipochochewa ni kemikali ya mwili. Loewi alikiita kwa Kijerumani Vagusstoff, yaani kitu cha vagasi, jina la mtu asiyetaka kudai zaidi ya alichokiona. Baadaye kikathibitika kuwa asetilikolini. Atropini, inayotoka katika mimea na kuizuia vagasi isiutulize moyo, hiyo iite dawa. Hospitalini hupewa mgonjwa ambaye moyo wake unakwenda polepole mno. Kuna na jina la tatu, sumu, na Afrika Mashariki tunaijua vizuri. Mti wa Akokanthera, ambao wawindaji wa Kikamba na Kigiriama waliuchemsha wakapaka utomvu wake kwenye mishale, una wabaini, kemikali ambayo jina lake limetokana na neno la Kisomali la sumu hiyo, waabaayo. Kwa kiasi kidogo huifanya misuli ya moyo ijikaze kwa nguvu zaidi, na madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia hivyo. Ikizidi, mapigo huvurugika na moyo husimama. Kemikali ni ileile; kipimo ndicho kinachoamua tuseme dawa au sumu.

Ningekuwa wewe, ningewaandikia hivi:

"Mwaka 1921, huko Graz, Austria, Otto Loewi alitangaza jaribio la mioyo miwili ya vyura iliyotolewa mwilini ikiwa bado inapiga. Moyo wa kwanza ulikuwa na neva zake. Wa pili ulikuwa umeondolewa zake. Aliutia moyo wa kwanza maji ya chumvi, akaichochea vagasi yake kwa umeme. Mapigo yakawa machache na hafifu. Kisha akayachukua maji yale na kuyatia katika moyo wa pili. Huo nao, ambao hakuna neva yake iliyoguswa, ukapunguza mwendo."

Mpe mwenzako aisome, umuulize kila u- ni ya nani.