Farasi kachorwa, tajiri yuko wapi?

SWALI: Habari mhariri, nimeona picha ya zamani ya Kiingereza, farasi mkubwa peke yake, hamna mtu juu, hamna hata nyasi. Aliyelipia alitaka nini jamani?

JIBU: Hiyo itakuwa Whistlejacket ya mchoraji George Stubbs, ya mwaka 1762 hivi, ipo National Gallery London, inakaribia mita 3 kwenda juu, saizi ya kuchorea wafalme! Mwenye farasi alikuwa Marquess of Rockingham, bwana mashamba ambaye 1765 akawa waziri mkuu, sasa mtu kama huyo ana haja gani ya kujiweka kwenye picha, farasi wa mbio mwenye asili nzuri ameshamsemea kila kitu, ardhi, hela na muda wa kuchezea.

Wanaoonekana sana kwenye picha hizi ni watunza farasi, tena Stubbs aliwachora kwa heshima kweli. Icheki Hambletonian ya 1800, farasi kashinda mbio za Newmarket lakini yuko hoi, kijana ana kitambaa cha kumfutia, mwenzake kashika hatamu, wote wanakukazia macho. Tajiri mwenyewe, Sir Henry Vane-Tempest, aligoma kulipa, Stubbs akampeleka kortini na akashinda.