Geji Inasema 12.9, Bateri Inasema 14: Nani Muongo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kandege ka injini moja, mfumo wa volti 14. Injini ikiwaka geji ya volti ya dashibodi inasoma 13.6, nikiwasha taa ya kutua na hita ya pitoti (kibomba cha nje cha kupimia mwendo) inadondoka hadi 12.9, lakini fundi akipima kwenye bateri anapata 14 na haitingishiki. Nimeshabadilisha geji, mpya inasema vilevile. Ninunue altaneta (jenereta ya injini) au nipandishe reguleta (kidhibiti cha volti zake) kidogo?

JIBU: Ndugu yangu, usiguse reguleta kabisa! Ukiipandisha mpaka geji ifurahi na kusoma 14, bateri yako itakuwa inapokea 15 na ushee, itachemka tu. Na altaneta haina kosa, si umeona mwenyewe bateri inapata 14.

Geji mbili zimesema kitu kimoja, maana yake hazidanganyi, zinasoma kile kinachofika kwenye taminali zake, sasa swali ni volti zinapotelea wapi njiani. Geji yenyewe inakula umeme kiduchu mno, waya wake peke yake hauwezi kupoteza volti nzima, kwa hiyo kuna sehemu geji inachangia njia na vitu vinavyokula sana, na kwa jinsi inavyodondoka ukiwasha taa mi nashuku arthi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya bateri. Ukinzani wa omu 0.05 tu ukipitisha ampia 10 unameza nusu volti, na multimeta ya kawaida ukiiweka kwenye omu haitakuonyesha hilo, itakwambia waya mzima.

Ndo maana pima volti, na pima mzigo ukiwa umewashwa. Zima injini (usikae na waya mkononi karibu na propela), washa masta (swichi kuu ya umeme), washa taa na hita, ila hita usiiache muda mrefu ikiwa chini maana inachoma. Waya mweusi wa multimeta ugusishe kichwa chenyewe cha hasi cha bateri, sio klampu, mwekundu ugusishe hasi ya geji. Ukipata volti 0.03 hapo pako sawa, hamia upande wa chanya upime vilevile, chanya ya bateri mpaka chanya ya geji. Ukipata 0.4 au zaidi umemkamata mwizi, sasa rudi nyuma hatua kwa hatua, klampu, kebo, bolti ya bodi, fremu ya dashibodi, pale namba inaporuka ghafla ndo penyewe.

Mara nyingi utakuta bolti imefungwa juu ya rangi, au alumini imeota ule utando mweupe ambao haupitishi umeme. Fungua, kwangua mpaka ing'ae, funga vizuri, kisha paka kinga ya unyevu. Halafu ipe geji waya wake wa arthi peke yake, usiochangia na taa. Kazi ikaguliwe na fundi mwenye leseni na iandikwe kwenye logibuku.

Ah, na multimeta yenyewe angalia bateri yake, ikiisha inaweza kukuongezea volti ambazo hazipo, nimeshapoteza asubuhi nzima hivyo.

SWALI: Fundi, yangu geji haishuki, ila sindano ya ampia inacheza cheza muda wote. Reguleta imekufa?

JIBU: Inawezekana, ila usianze kununua. Kwenye ndege nyingi ndogo reguleta inapima volti za basi (baa inayogawa umeme kwa vifaa) kupitia sakiti breka na swichi ya masta, na hizo zikizeeka kontakti zinachakaa. Umeme wa kulisha fildi (koili ya sumaku) ya altaneta unapita njia hiyohiyo, kwa hiyo umeme huo ukipanda reguleta inaona volti zimeshuka, inaongeza, inazidisha, inapunguza, sindano inacheza. Pima kutoka basi hadi pini ya reguleta mzigo ukiwa umewashwa, ukikuta nusu volti imepotea anza na swichi.